Kwa nini Luteni Jenerali humzidi Meja Jenerali: jibu limo ndani ya neno "lieutenant"

Ndugu muulizaji, umetaka kujua neno la Kiingereza "lieutenant" lina maana gani hasa, na imekuwaje Meja amzidi Luteni ilhali Luteni Jenerali humzidi Meja Jenerali. Swali hilo liliwahi kunitia aibu. Nilipokuwa karani mpya wa itifaki katika ofisi moja ya umma, nilipewa kazi ya kupanga vibao vya majina kwenye meza ya wageni rasmi, nami, kwa hesabu niliyoiona haina kasoro, nikamweka Meja Jenerali karibu na mwenyeji na kumsogeza Luteni Jenerali kiti kimoja mbali zaidi. Dakika chache kabla ya wageni kuingia, mpambe mmoja alipita, akasimama, akavibadilisha vibao vile viwili bila kusema neno, kisha akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Wiki iliyofuata niliimalizia maktaba.

Neno lenyewe lilitoka katika Kifaransa cha kale, nalo limeungwa kwa maneno mawili: "lieu", yaani mahali, na "tenant", yaani mwenye kushika. Kwa hiyo "lieutenant" ni mshika nafasi, mtu anayesimama mahali pa mkubwa wake, na wala si lazima awe askari. Mwakilishi wa mfalme wa Uingereza nchini Ireland, kwa mfano, aliitwa "Lord Lieutenant". Waarabu nao wana "qaim maqam", asimamaye mahali pa mwingine, na katika jeshi la Dola ya Uthmania cheo cha "kaymakam" kililingana na Luteni Kanali wa leo. Sisi maneno hayo mawili tunayo kila siku ofisini, kaimu na makamu, ingawa ni wachache wanaoyahusisha na luteni.

Ukishalielewa hilo, swali la kujiuliza kila mara ni moja tu: huyu anashika nafasi ya nani? Luteni wa kawaida hushika nafasi ya Kapteni, Luteni Kanali ya Kanali, na Luteni Jenerali ya Jenerali mwenyewe. Ndiyo maana kila mmoja wao husimama chini kidogo tu ya yule anayemshikia nafasi, hata kama majina yao yanaanza sawa.

Kinachopotosha watu kwa kweli ni Meja. Katika majeshi ya Kiingereza ya karne ya 17, afisa wa tatu katika rejimenti, baada ya Kanali na Luteni Kanali, aliitwa Sajini Meja, yaani sajini mkuu, na aliyefanya kazi hiyo kwa jeshi zima aliitwa Sajini Meja Jenerali. Katika jeshi jipya la Bunge la Uingereza la mwaka 1645, Oliver Cromwell alikuwa Luteni Jenerali wa wapanda farasi, na Philip Skippon alikuwa Sajini Meja Jenerali wa askari wa miguu. Baadaye neno sajini, ambalo kwa asili ya Kilatini ni mtumishi, liliondolewa mbele ya vyeo hivyo vya maafisa, yakabaki Meja na Meja Jenerali. Meja Jenerali, basi, ni sajini wa jenerali aliyepunguziwa jina, na sajini hawezi kumpita makamu. (Sajini Meja wa siku hizi, asiye afisa, ni habari nyingine.)

Kuhusu matamshi, Waingereza husema "leftenanti" na Wamarekani "lutenanti". Wapo wanaodai kwamba zamani herufi u ilisomwa kimakosa kama v; mimi dai hilo halinishawishi, kwa sababu askari hujifunza majina ya vyeo kwa kuyasikia yakiitwa, na maandishi ya zamani ya Kiingereza yana tahajia zenye f waziwazi. Ajabu ni kwamba luteni yetu haina f hiyo, ilhali katika kanali tulifuata sikio moja kwa moja, kwa kuwa Mwingereza huandika "colonel" na kutamka kitu kilicho karibu sana na kanali. Majirani zetu wa Rwanda, waliolipata neno hilo kupitia Kifaransa, husema Koloneli.