Punje nyeupe kwenye kitimoto

Pole, ndugu. Hizo punje nyeupe ulizozikuta ukikata kitimoto, laini, zenye majimaji ndani, inaelekea ni tegu wachanga. Nimefuga nguruwe Mbozi. Nimeziona ulimini na mapajani.

Nyama hiyo usiipike, wala usimpe mbwa. Mwonyeshe mkaguzi wa nyama, kisha ichomwe au izikwe. Kama mlishakula isiyoiva hadi katikati, nendeni mkapime choo. Dawa msijinunulie: tegu wakiwa wamefika ubongoni, inaweza kuamsha degedege.

Wengi hudhani hatari ni nyama tu. Kifafa cha tegu huletwa na mayai yake yanayotoka kwenye kinyesi cha mwenye tegu, yakaingia mdomoni kwa mikono au mboga zisizooshwa. Mwenye degedege au kichwa kisichoacha kuuma awahi hospitali.