Anza na Reli, Migodi Itafuata

Kila nikiweka picha za Goldfield, mji wa zamani wa dhahabu huko Nevada, Marekani, hakosi mtu wa kuuliza nilijuaje kwamba lile tuta la changarawe nyuma yangu lilikuwa njia ya treni. Nilijua kwa ramani za zamani za topografia, zile zinazoonyesha milima, mabonde na njia, na kwa kuwa maswali yamezidi, naona bora niandike ninavyozitumia. Naishi Las Vegas, naendesha lori, na barabara ya US 95 inayopita katikati ya Goldfield, kilomita 300 hivi kaskazini, ni njia yangu ya kazi. Ila hata wewe uliyeko Geita au Voi, kama unapenda kufukua mambo ya kale, mengi ya haya yatakufaa.

Mji wenyewe uko jangwani, mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Januari si ya kuchezea. Dhahabu ilionekana 1902, rashi ya watu kuikimbilia ikafuata, na kufikia 1906 watu walikuwa wanakadiriwa 20,000. Mwaka huohuo Joe Gans, bingwa mweusi wa ngumi, alimshinda Battling Nelson hapohapo kwenye raundi ya 42, baada ya Nelson kupiga chini ya mkanda. Halafu dhahabu ikapungua, mafuriko yakaja 1913, moto ukala sehemu kubwa ya mji Julai 1923. Leo wakazi ni mia chache tu.

Ramani zenyewe hazina gharama. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, limeskani ramani zake zaidi ya 178,000 za kuanzia 1884 hadi 2006, na unazipakua bure kupitia ukurasa wao wa topoView. Ukiambiwa uchague aina ya faili, chukua GeoTIFF kama una QGIS, programu ya ramani, kwenye kompyuta, au KMZ kama unatumia Google Earth. JPEG ni nzuri ya kutundika ukutani, basi.

Sasa, watu wengi wakishafungua ramani ya mji wa migodi, macho yanakimbilia kwenye migodi. Mimi nasema anza na reli. Kuzunguka Goldfield mashimo ni mengi mno na yote yanafanana, ukisimama kati ya mawili huwezi kusema ramani inamaanisha lipi. Reli ni ndefu, ni moja, na ina masharti yake: treni haipandi mlima ovyo wala haikati kona ghafla. Na ukishaipata ardhini, kila kitu kingine unakipima kutoka hapo.

Goldfield ilikuwa na reli kuu tatu. Tonopah & Goldfield ilifika 1905, kisha Las Vegas & Tonopah na Bullfrog Goldfield zikaingia 1907. Las Vegas & Tonopah ilifungwa 1918, Bullfrog Goldfield 1928, Tonopah & Goldfield 1947. Kando ya hizo kulikuwa na njia fupi za kubeba mawe ya dhahabu kutoka migodini hadi mtambo mkubwa wa kuchenjulia wa kampuni ya Goldfield Consolidated, uliojengwa 1908 wenye nyundo 100 za kuponda mawe. Vyuma viling'olewa vyote. Matuta yamebaki.

Hiyo miaka iandike pembeni, kwa sababu itakulinda na kosa linalowakuta wengi: kuamini mwaka uliochapwa kwenye ramani. Shuka pembezoni mwa shiti, yaani karatasi moja ya ramani, kabla hujatazama kitu kingine. Kona ya chini kushoto huwa imeandikwa nani alipima na mwaka gani, na kona ya chini kulia toleo na mwaka wa kuchapwa. Kati ya hiyo miaka miwili panaweza kupita muda mrefu sana. Tuseme shiti imepimwa 1910 na kuchapwa upya 1930: itakuonyesha treni ya Las Vegas & Tonopah kana kwamba bado inapiga honi, wakati ilishakufa miaka 12 nyuma. Kwenye shiti za miaka ya sabini na themanini utaona pia rangi ya zambarau. Hayo ni mabadiliko yaliyochorwa kwa kutazama picha za ndege tu, bila mtu kwenda kuhakiki. Mimi zambarau naipa imani nusu.

Skeli nazo zinahusika. Ramani za dakika 15 (kila upande wa shiti ni dakika 15 za digrii) ni 1:62,500, yaani sentimita moja ni mita 625. Zile mpya zaidi za dakika 7.5 ni 1:24,000. (Waliosoma ramani za 1:50,000 za Kenya na Tanzania watajisikia nyumbani, maana shiti zetu nazo ni dakika 15 kwa 15.) Njia iliyokufa kwenye 1:24,000 huchorwa kwa vikato vikato na mara nyingine maneno madogo, "Old Railroad Grade", yaani tuta la reli ya zamani. Shida ni pale maneno hayapo, na umebaki na mstari mwembamba ambao unaweza kuwa reli, njia ya mikokoteni, au njia ya pikapu ya jana.

Hapo chukua rula. Kwenye 1:24,000 inchi moja ni futi 2,000. Reli kuu kwa kawaida ilijengwa isizidi mwinuko wa asilimia 2 au 3. Asilimia 2 ya futi 2,000 ni futi 40. Kwa hiyo kama kontua (mistari ya kimo) za shiti yako zinapanda futi 40 kila moja, reli kuu itakwenda karibu inchi nzima kabla ya kukata kontua inayofuata. Ukiona mstari unakata kontua tatu ndani ya inchi moja, hiyo si treni, au basi ni tawi la mgodini, ambalo huruhusiwa kuwa kali zaidi. Tazama na kona: reli inazunguka mlima taratibu kama mto mkubwa, gari linakunja popote.

Ukishaupata mstari, uweke juu ya picha ya satelaiti. Jangwani njia ya treni hujionyesha kama mkwaruzo ulionyooka, uliokatika kila unapovuka korongo, kwa kuwa maji ya ghafla yameshakula tuta. Ardhini, tafuta mahali mlima ulipokatwa na upande wa pili udongo ukajazwa, vipande vya mataruma, misumari ya reli. Viache hapohapo: kuokota vitu vya kale kwenye ardhi ya serikali kuu kunaweza kukuletea kesi.

Jambo moja la kiufundi ambalo huwezi kuliruka. Ramani nyingi za katikati ya karne iliyopita zimejengwa juu ya datumu (msingi wa kupimia mahali) ya NAD27, na GPS ya simu yako inatumia nyingine, WGS84. Kwa upande huo wa Nevada, ukisoma kwa digrii unakosea karibu mita 80, na ukisoma kwa UTM, gridi ya mita, karibu mita 200. Kwa tuta la reli si hoja, utaliona tu. Kwa shimo la mgodi ni hoja kubwa. Kama tuta kwenye ramani na tuta kwenye satelaiti vimeachana, isogeze ramani nzima hadi vikae pamoja, na mashimo yatasogea nayo.

Alama zenyewe: mraba mdogo uliojazwa nusu ni shimo la kwenda chini, kile kinachofanana na Y ni mlango wa kuingia mlimani kwa mlalo, X ni mahali mtu alijaribu tu. Sururu mbili zilizopishana ni mgodi au machimbo. Mraba uogope. Mbao za mdomoni zina umri wa miaka mia na zaidi, na uzio haupo kila mahali. Usisogelee ukingo, usiingie kwenye mlango wowote, wala usipande kwenye marudio (malundo ya mchanga uliobaki baada ya kuchenjua) siku ya upepo, maana uchenjuaji wa wakati ule ulitumia zebaki na sianidi.

Ukitaka majina ya migodi yenyewe, ramani za kawaida zitakuangusha. Tafuta ripoti ya mwanajiolojia F. L. Ransome juu ya Goldfield, iliyotolewa na USGS 1909, nayo ni bure. Ni kitabu kinene na lugha yake nzito, mimi naruka moja kwa moja hadi kwenye ramani na michoro. Ifungue baada ya kupata reli zako, na uilinganishe na shiti ya 1:24,000: mahali tawi la reli linapoishia, mara nyingi ndipo palipokuwa na mgodi wa maana au mtambo.