Nilijibu "Situmii Dawa Yoyote" Kabla ya Kipimo cha Ubongo

Mtaalamu aliyekuwa akinibandika elektrodi kichwani kwa kipimo cha EEG, kinachochora mawimbi ya umeme wa ubongo, aliponiuliza kama kuna dawa ninayotumia, nilijibu bila kusita kwamba hakuna. Sikukusudia kumdanganya. Kwa fikra zangu, mtu anayetumia dawa ni mgonjwa wa kisukari au wa presha aliyezipanga kando ya kitanda, si mimi niliyekuwa nimemeza diazepam usiku tatu mfululizo kwa sababu misuli ya mgongo ilikuwa imekaza, pamoja na kidonge cha mafua usiku wa kuamkia kipimo.

Siku chache baadaye daktari alinigeuzia skrini. Mistari iliyochukuliwa sehemu ya mbele ya kichwa ilikuwa na meno madogomadogo yaliyosongamana kama ya kitana chembamba. Mawimbi ya kisogoni, ambayo kwa mtu mzima aliyetulia na kufumba macho hupanda na kushuka mara 8 hadi 13 kwa sekunde, yalikuwepo, lakini mbele kulikuwa na mawimbi ya kasi zaidi, yale yaitwayo beta, kwa wingi ambao hakuutarajia. Akaniuliza tena swali lile lile, safari hii kwa kutaja dawa mojamoja. Diazepam ilikuwa ya pili.

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Diazepam na ndugu zake, kama lorazepam na clonazepam, pamoja na phenobarbital, huongeza mawimbi hayo ya kasi, na ongezeko hilo peke yake si ugonjwa. Msomaji mzoefu wa kipimo hulitambua. Shida ni kwamba dawa hizohizo hutumika kuzuia degedege na kifafa, kwa hiyo zinaweza kuzima cheche zilezile, yaani mawimbi makali ya ghafla yanayoashiria kifafa, ambazo kipimo kimekwenda kuzitafuta. Mimi nilikuwa nimepelekwa kwa sababu ya kupoteza fahamu mara mbili. Kipimo kisichoonyesha cheche hakiondoi uwezekano wa kifafa hata kwa mtu asiye na dawa mwilini, sembuse mimi niliyekuwa na diazepam, ambayo huchukua siku kadhaa kutoka yote.

Kidonge cha mafua kilikuwa na kosa dogo zaidi. Dawa za mzio za kizazi cha zamani, zile zinazowekwa katika vidonge vingi vya mafua, humfanya mtu asinzie, na ubongo unaosinzia hupunguza mawimbi yake ya kawaida na kuleta ya polepole. Usingizi wenyewe si adui, kwani mara nyingi madaktari huutaka, hata wakamwagiza mgonjwa alale saa chache usiku uliotangulia, maana baadhi ya cheche hujitokeza mtu anaposinzia. Ila anayesoma mistari anahitaji kujua kama usingizi huo ni wa uchovu au wa kidonge.

Ziko pia dawa zinazovuta upande wa pili. Clozapine, inayotumika kwa baadhi ya magonjwa ya akili, inaweza kuleta mawimbi ya polepole na hata miiba inayofanana na ya kifafa, na lithium, nayo ya magonjwa ya akili, inaweza kupunguza kasi ya mawimbi. Bupropion, dawa ya sonona, na tramadol zinaweza kumsogeza mtu karibu na degedege, hasa dozi ikiwa kubwa. Tramadol ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa wengi wetu huihesabu kuwa dawa ya maumivu tu na hatufikirii kuitaja.

Nisingependa mtu asome haya kisha aende kuacha dawa zake. Siku ya kipimo changu cha pili niliketi kwenye benchi karibu na mama aliyekuwa amemsimamishia mwanawe dawa ya kifafa kwa siku mbili, kwa hiari yake, ili kipimo "kionyeshe ukweli". Kijana alianguka alfajiri ile. Alifika akiwa mzito, haitiki vizuri anapoitwa, na baada ya degedege ubongo hutoa mawimbi ya polepole kwa muda, kwa hiyo hata ukweli aliokuwa akiutafuta mama ulikuwa umefunikwa. Kuacha ghafla dawa za kifafa, au diazepam iliyotumika kwa muda mrefu, kunaweza kuleta degedege kwa kukosekana kwake tu. Wakati mwingine daktari hupunguza dawa kwa makusudi, lakini hufanya hivyo mgonjwa akiwa amelazwa na kuangaliwa saa zote.

Safari hiyo ya pili nilikwenda na karatasi. Niliandika kila nilichomeza katika wiki 2 zilizopita: jina, miligramu, na saa ya mara ya mwisho, zikiwemo dawa za mitishamba na zile nilizonunua bila cheti. Kahawa niliiacha tangu jana yake, kama nilivyoagizwa, na nywele nilikuwa nimeziosha bila kuzipaka mafuta, maana mafuta huzuia elektrodi kushika. Mtaalamu aliisoma karatasi yangu, akainakili yote kwenye kumbukumbu za kipimo, kisha akaniuliza kama nimekula, kwa kuwa sukari ikishuka nayo hubadilisha mawimbi. Hilo sikuwa nimeliandika.