Niko na mimba, niendelee kunywa artemisia?

SWALI: Jambo muganga. Niko Bukavu, huku Kadutu, mimba yangu iko na miezi mbili. Mama mkwe ananipikia chai ya artemisia kila asubuhi ili malaria isinishike, na mtoto wa miaka mitatu akipata homa anamupatia pia. Banasema hata dawa za farmasi zinatoka mule. Niendelee ao niache?

JIBU: Acha mama, lakini usigombane na mama mkwe juu anachosema ni kweli, artemisinini ya vidonge vya malaria ilitoka ndani ya ile majani, Tu Youyou wa China na wenzake ndio waliitoa mwaka 1972 na 2015 akapata Nobel. Shida ni kikombe. Artemisinini haiyeyuki vizuri ndani ya maji, majani ya shamba hili hayana nguvu sawa na ya lile, hata kuanika kunabadilisha, sasa jikoni nani atapima? Homa inashuka, unafikiri umepona, kumbe vimelea vingine vimebaki na vinaanza kuzoea dawa, na hapa jirani Rwanda tayari kuna vimelea vinavyochelewa kufa hata mugonjwa akimeza dawa. Njo maana OMS, shirika la afya la dunia, mwaka 2019 ilikataa hiyo chai kwa malaria.

Sisi wa Bukavu tungepaswa kuelewa mbele ya wengine. Kinini, nayo dawa ya malaria, inatoka kwa maganda ya kenkina, miti inayolimwa huku kwetu Kivu, lakini kuitoa na kuipima ni kazi ya kiwanda kama Pharmakina ya hapa Bukavu, si ya kukata ganda na kuchemsha kwa kukisia.

Na mimba changa hivi, mie siwezi kukuambia chai hiyo ni salama. Lala ndani ya mosikitero (chandarua) kila usiku, anza CPN, kliniki ya wamama wenye mimba, sasa, ukiingia mwezi wa nne wa mimba watakupa Fansidar, vidonge vya kukinga malaria, angalau mara tatu, kila moja mwezi mmoja baada ya ingine. Homa ikikushika mbele ya hapo nenda santa ya afya siku ileile wakupime, sema uko na mimba, na sema umekunywa artemisia tangu lini, usifiche.

Mtoto ndiye ananitia wasiwasi zaidi. Homa yake ipimwe kwanza, siku ileile, na kama anatapika kila kitu, anakataa kula, analegea ao anashikwa na degedege, hata ni usiku mubebe muende, juu malaria ya mtoto inaweza kuua haraka sana. Na siku ya CPN uende na mama mkwe, aulize mwenyewe.