Mama Mkunga Anajibu: "Mtoto mzima, mbona bado nalia?"

Shikamoo Mama Mkunga. Mwaka juzi nilijifungua msimu wa korosho ulipokuwa ndiyo kwanza unaanza. Nilipopiga kelele nesi akaniambia, "Siku ile mbona hukulia?" Nikashonwa bila ganzi, mlango wazi, watu wanapita. Mama yangu alizuiwa kuingia, akashinda nje chini ya mwembe na chupa yake ya uji. Kila nikisimulia naambiwa nimshukuru Mungu, mtoto mzima. Sasa nina mimba ya miezi minne na nataka nikazalie kwa bibi yangu. Nakosea?
Mama wa mmoja, Newala

Marahaba, mwanangu. Nimezalisha miaka thelathini na moja mkoani Lindi, usiku mwingine kwa taa ya chemli, na neno hilo uliloambiwa nimewahi kulisema mimi. Nilikuwa peke yangu zamu, wazazi watano. Yule mama akanyamaza, nikaona nimemsaidia. Miaka ikapita, tukakutana sokoni. Alinisalimia kwa adabu, kisha akavuka upande wa pili. Nilikuwa nimechoka kweli, lakini wale wanne wengine sikuwatukana.

Kwa hiyo mtoto mshukurie, na hayo mengine yaseme. Kama yanakunyima usingizi au ukipita kituoni moyo unakwenda mbio, mweleze mhudumu wa kliniki. Hiyo nayo inatibika.

Kwa bibi usiende. Namheshimu, ila hana sindano ya oksitosini. Tunaichoma ndani ya dakika moja mtoto akishatoka, ili mji wa mimba ujikaze. Damu ya baada ya kuzaa ndiyo inayoongoza kuua wazazi duniani, na haisubiri bodaboda itafutwe usiku.

Ganzi inachomwa, kisha inasubiriwa dakika chache ishike. Ukiguswa na bado unasikia, sema. Kama imeisha kituoni, ni haki yako kuambiwa kabla ya sindano ya uzi.

Mama yako je? Mwongozo wa 2018 wa Shirika la Afya Duniani unashauri kila mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wote wa uchungu. Kinachokwamisha mara nyingi ni vitanda vilivyopangwa ubavu kwa ubavu bila pazia. Mimba ikifika miezi minane nenda naye, muombe muuguzi kiongozi muione leba, umuulize kabisa kama ataruhusiwa. Akisema hakuna pazia, mwambie utaleta kanga mbili na kamba. Nimeona ikifanyika.

Yaliyokupata mpelekee mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, au mjumbe wa kamati ya kituo anayewawakilisha wananchi. Sanduku la maoni silitegemei. Nimeona moja kufuli lake limeota kutu.

Na uji safari hii mama aingie nao. Mzazi asiye na tatizo anaruhusiwa kula na kunywa akiwa na uchungu.