Ua la kitambaa halibadiliki rangi

Ndugu, unasema ua ulilolipaka wino wa joto, ule unaopoteza rangi ukipashwa moto, halifutiki hata ukiunganisha uzi wa chuma wa kulipasha kwenye betri. Uzi hauna kosa, ni hiyo betri bapa ya volti 3. Taa ndogo ya LED inaiwasha, ila mkondo wake ni mdogo mno kupasha uzi. Pima ukinzani wa uzi, yaani unavyozuia umeme, kwa kifaa cha kupimia umeme (multimita): ukipata omu 10, pawabenki ya volti 5 itatoa nusu ampea, yaani wati 2.5. Unganisha sekunde chache tu, usije ukaunguza kitambaa.

Halafu huo wino. Mwingi hupoteza rangi kwenye nyuzi 31 za Selsiasi. Kwa joto la Mombasa mwezi Februari, si utafutika wenyewe kabla hujawasha chochote? Mimi ningetafuta wa nyuzi 45.