Kabla hujamwaga klorini, pima pH

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya swimingi za majumbani hapa Kampala, kuna kitu kilinitesa mwaka mzima wa kwanza: maji yakichafuka, si lazima klorini imeisha. Mara nyingi imo, ila pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (ikipanda, uchachu unapungua), imeikaba koo.

Nilikuwa na nyumba moja Muyenga, bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, yaani lita 48,000. Kila asubuhi nikifika nakuta maji yana ukungu na kuta zinateleza, basi namwaga klorini, kesho yake vilevile, naongeza tena, mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza, "fundi, hii dawa unatia ama unaiuza?" Siku nilipopima vizuri, pH 8.2! Na ile klorini ya chengachenga nayo inapandisha pH, kwa hiyo nilikuwa najichimbia shimo mwenyewe. pH ikiwa 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini inapiga kazi, ikifika 8 inabaki kama robo tu. Hela ya bosi inaenda hivyo.

Sasa naanza na alkalini, iwe 80 mpaka 120 (namba hizi, na za klorini na kikinga jua, ni ppm, yaani miligramu kwa lita), maana ndiyo inayoshika pH isirukeruke. Ikiwa chini, beking soda: kwa bwawa kama lile, gramu 800 hivi zinapandisha 10. Halafu pH, 7.2 mpaka 7.6, na klorini mwisho, 1 mpaka 3. Maji ya kupima chota kina cha kiwiko, si pale juu wala karibu na bomba linaloingiza maji. Mvua kubwa ikipiga pima upya, usibishane na jana.

Asidi na klorini zisikutane hata kwenye kopo moja, hata kama umelisuuza. Ile gesi inaua. Na siku zote dawa ndiyo inaingia kwenye maji, usimwagie dawa maji.

Klorini tia jioni, jua letu hili la ikweta linaila kabla ya saa sita mchana kama maji hayana kikinga jua, yaani asidi ya sayanuriki. Kikinga jua kiwe 30 mpaka 50 basi. Vile vidonge vikubwa vinacho ndani tayari, na kikizidi hakuna dawa, ni kupunguza maji na kujaza mapya.

Halafu watakwambia "klorini imezidi, inanuka". Hapana, harufu ile ni klorini iliyochoka na jasho na mikojo ya watoto, hapo inataka dozi kubwa. Kumwelewesha bosi hiyo ni kazi kuliko kupiga brashi kuta.

Pale Muyenga nilitia asidi ya kushusha pH kidogo kidogo siku mbili, pampu inazunguka, watoto wamezuiwa kuingia. Siku ya tatu nikasimama ukingoni nikahesabu skrubu za mfuniko wa tundu la chini kabisa, zote.